Kabla hujaambiwa ununue kompyuta mpya

Haya, nimeisikia tena ile hukumu. "Kompyuta yako ni ya zamani, ndiyo maana intaneti inakwenda polepole." Hutolewa kwa simu na kijana wa huduma kwa wateja ambaye hajaiona hiyo mashine hata kwa picha. Hutolewa haraka, kwa kuwa kuna wateja wengine wanaosubiri kwenye laini. Na mteja huikubali, kwa sababu kompyuta kweli ni ya zamani, ina vumbi, na feni yake inalia kama posho mill.

Mimi nasema hukumu hiyo isikubaliwe mpaka mtu awe amepima. Kupima hakuhitaji shahada. Kunahitaji dakika ishirini, kipande cha kebo na simu yoyote ya kisasa.

Tuanze na hesabu. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2008, zile za Core 2 Duo ambazo bado ziko kwenye nyumba nyingi, ina tundu la kebo la megabiti 100 kwa sekunde, na mara nyingi la gigabiti 1. Kifurushi cha nyumbani cha megabiti 10 au 20 hakiwezi kulijaza hilo tundu hata robo. Kwa hivyo mtu akikwambia kompyuta yako "haibebi" megabiti 10, muulize ni sehemu gani ya kompyuta isiyobeba. Akikosa jibu, jua anakisia. (Na tusisahau: megabiti si megabaiti. Gawanya kwa nane. Kifurushi cha megabiti 10 hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde kikiwa kizima kabisa. Nimeona watu wakigombana na kampuni kwa wizi ambao haukuwepo.)

Jirani yangu mmoja ni mwalimu mstaafu. Aliambiwa hivyo hivyo, kwanza apandishe kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20, halafu, mambo yalipobaki vilevile, kwamba tatizo ni kompyuta. Alikuwa tayari ameulizia mkopo wa SACCO anunue laptop. Mwezi ulikuwa Juni, ritani za KRA zinafungwa tarehe 30, na mjukuu naye alikuwa na fomu zake za kujaza. Nikamwambia, "Mwalimu, huo mkopo usubiri hadi Jumamosi."

Jumamosi tulifanya jaribio moja tu la maana. Simu ikiwa karibu na ruta ilipata megabiti 19. Kompyuta, chumba cha pili, ilipata 2. Tukaibeba kompyuta hadi ilipo ruta, tukaichomeka kwa kebo. Ilipata 19. Mashine ileile, uzee uleule.

Sasa fikiria alichokuwa akilipia. Megabiti 20 zinaingia nyumbani, mbili zinafika mezani. Kosa lilikuwa katikati: kile kijiti cha Wi-Fi cha USB kilichochomekwa nyuma ya CPU, sakafuni, nyuma ya kuta mbili za mawe. Kilikuwa cha 802.11g, kiwango cha mwaka 2003. Kwenye karatasi ni megabiti 54, katika hali nzuri utapata kama nusu yake, na nyuma ya mawe utapata ulichopewa. Tena hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake, ambayo kwenye ploti zetu za kupangisha yanagombaniwa na ruta za majirani wote wa juu na wa chini. Dawa ilikuwa mita kumi na tano za kebo kutoka Luthuli Avenue na misumari midogo ya kuibana ukutani.

Tukadhani tumemaliza. Hapana. Kasi ilikuwepo lakini tovuti zilikataa kufunguka, kivinjari kikilalamika kwamba cheti cha usalama si halali. Tazama saa kwenye kona ya skrini: Januari 2009. Betri ndogo ya madabodi, ile bapa ya CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hivyo kila stima ikipotea kompyuta ilirudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta iliyo 2009, cheti cha leo hakijazaliwa. Windows ina huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao, lakini kwa kompyuta ya nyumbani hukataa kusahihisha saa iliyopotea kwa zaidi ya saa 15. Inaona hilo si kosa, ni wazimu. Betri hiyo ni bei ya chai na mandazi. Hivyo viwili, kebo na betri, ndivyo vilivyokuwa karibu kugeuka mkopo wa laptop.

Kwa wale ambao hali yenu si hii, fungua dirisha la amri (bofya Start, andika cmd) na uende hatua kwa hatua kutoka nyumbani kwenda nje. Andika `ipconfig`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, kwa hivyo usisumbuke na mambo ya mbele. Angalia kebo, au uzime ruta uiwashe. Ndiyo, ule ushauri wao wa kuzima na kuwasha wakati mwingine hufanya kazi. Kisha `ping` kwa anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu vizuri, `ping 8.8.8.8`, ambayo iko nje. Halafu `ping google.com`. Namba ikijibu na jina lisijibu, basi intaneti iko, ila daftari la majina, yaani DNS, ndilo bovu. Hilo ni badiliko la dakika moja kwenye ruta, si la shilingi elfu arobaini.

Kuna na ugonjwa mwingine unaowapoteza mafundi wengi. Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinakwama nusu na hazisongi. Hiyo mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Laini za PPPoE hula baiti 8 kati ya zile 1500 za kawaida, zinabaki 1492, na ruta ikiwa haikuambiwa, pakiti kubwa hupotea njiani kimyakimya. Tafuta MTU kwenye ruta, andika 1492, jaribu tena.

Wakati mwingine kosa haliko hata nchini. Mei 12, 2024 ilipokatika mikongo ya EASSy na SEACOM baharini, hapa Kenya kila mtu alihisi, mwenye laptop ya jana na mwenye Pentium. Siku kama hiyo kuita fundi nyumbani ni kumtafutia fundi chakula.

Tuwe wa haki, lakini. Kuna siku kompyuta ndiyo yenye kosa, na ni lazima lisemwe wazi kosa gani. Windows XP iliachwa na Microsoft Aprili 8, 2014. Internet Explorer 8 yake haielewi TLS 1.2, kwa hivyo tovuti nyingi za leo hazitafunguka hata ukiletewa gigabiti. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020, na Chrome ya mwisho kwake ilikuwa 109, mwaka 2023. Mashine ya RAM ya gigabaiti 1 itasaga diski kila ukifungua ukurasa wenye video, na mtu ataiita "slow internet" hali intaneti imekaa inasubiri. Dalili ni rahisi: taa ya diski inawaka bila kupumzika. Mwalimu alikuwa na Windows 7 na RAM ya gigabaiti 4, na sikutaka aingize nywila ya benki humo. Tulimwekea Linux Mint ya Xfce, ambayo haina ada. Alinuna siku mbili kwa sababu ya kutafuta mahali pa kubofya, kisha akazoea. Ritani zilienda tarehe 24.

Kwa kampuni zinazotuuzia laini, ombi langu ni dogo: kabla ya kumwambia mtu anunue kompyuta au apandishe kifurushi, mwombeni achomeke kebo moja kwa moja kwenye ruta na awasomee kasi. Ni swali moja. Mwalimu alipigia simu kampuni yake mara tano na hakuna aliyeliuliza.

Nanyi wasomaji, pimeni mara tatu: simu karibu na ruta, kompyuta kwa kebo, kompyuta pale inapokaa siku zote. Mkiniandikia, nitumieni hizo namba tatu kwanza. Kifurushi kikiwa bado ni kile cha 20, mwalimu ana mpango wa kukirudisha 10 mwisho wa mwezi.