Somo la Cairo kwa makada wa Kibaha
Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha, Februari 2022, inanoa makada wa vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Natamani wafundishwe kwa kina jinsi chama tawala cha Misri, NDP, kilivyozoa zaidi ya asilimia 80 ya viti vya Bunge mwishoni mwa 2010, kisha, baada ya maandamano kuung'oa utawala wake, kikavunjwa na mahakama Aprili 2011. Ushindi ule ulikuwa upofu: uliwafungia wapinzani mlango wa Bunge, ukawaachia barabara tu. Baada ya maandamano ya siku ya uchaguzi mkuu nchini Tanzania, Oktoba 29, 2025, na mshindi wa urais kutangazwa kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Wapo watakaosema maandamano yaliiletea vita Libya. Ni kweli, na damu ile inauma. Lakini kiongozi wa nchi hiyo, Gaddafi, alitawala miaka 42, vyama vikiwa marufuku. Alipoanguka, hapakuwa na taasisi ya kupokea madaraka. Basi anayehofia vurugu ndiye wa kwanza kuhitaji tume ya uchaguzi ambayo kijana wa Kisarawe, hata asiyeipenda CCM, anaiamini.