Shomoro havuki kwa kibali

Anayeuza nafaka katika soko lolote kubwa la Kenya anamfahamu ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayeokota punje chini ya malori. Dume lake lina koo jeusi. Ni shomoro wa nyumbani, na wengi hudhani amekuwapo tangu enzi za mababu. Sivyo. Aliingia kupitia Mombasa katika miaka ya 1950, yaelekea kwa meli, kisha akapanda bara: Nairobi, Nakuru, hadi Kakamega, karibu kilomita 900 kutoka pwani. Njia yake ni ile ile ya mizigo.

Hesabu ya kawaida ya baiolojia ingesema ndege huyo angeshindwa. Wageni wachache huzaliana wao kwa wao, vinasaba vyao hufanana, na hali ya hewa ikibadilika hakuna aliye na cha ziada. Mombasa ni joto na unyevu wa bahari. Nakuru ni baridi ya asubuhi na mwinuko. Mtaji mdogo, masoko mawili tofauti kabisa. Hata hivyo shomoro alistawi kote.

Watafiti wa Marekani, Andrea Liebl na Lynn Martin, pamoja na wenzao, walikwenda mji baada ya mji nchini Kenya kuwachunguza. Matokeo waliyochapisha mwaka 2013 yanastahili kusomwa na wanaopanga sera za mipaka. Mahali ambako vinasaba vya shomoro vilifanana zaidi, ndipo alama za kemikali zinazokaa juu ya vinasaba hivyo zilipotofautiana zaidi. Alama hizo hazibadilishi maandishi ya jeni. Huchangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Ni kama wenye maduka wawili waliopewa bidhaa zile zile, lakini kila mmoja akaamua mwenyewe nini kipangwe mbele na nini kibaki stoo. Watafiti wanaona huenda hilo lilifidia uhaba wa vinasaba.

Tabia nazo zilitofautiana. Shomoro wa Kakamega, waliofika karibuni, walitoa homoni ya msongo kwa wingi zaidi waliposhtuliwa kuliko wenzao wa Mombasa, na walikuwa wepesi wa kupeleleza. Wale wa ukingoni pia walikula chakula wasichokijua mapema zaidi kuliko wenyeji wa siku nyingi. Aliyewahi kufungua kibanda ng'ambo ya mpaka, asijue mizani yao wala bei yao, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kuna la kale zaidi pia. Utafiti wa mwaka 2018 ulilinganisha shomoro wa nyumbani na ndugu yake wa Asia anayeishi mbali na watu. Tofauti ilionekana katika eneo la vinasaba linalohusika na umbo la fuvu na usagaji wa wanga, na ilianza takriban miaka 11,000 iliyopita, kilimo kilipoanza. Kwa maneno mengine, ndege huyu ameumbika kula kinachomwagika kwenye gunia.

Sasa litazamwe lango la mpaka. Mwezi Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga upande wa Tanzania, kwa maelezo kwamba viliingizwa kinyume cha sheria na vingeweza kuleta mafua ya ndege. Hofu ya ugonjwa ni halali, na asiye na kibali hana cha kujitetea. Ila udhibiti wenye macho kwa boksi la mama mwenye vifaranga tu, na usioona meli, behewa wala nafaka iliyomwagika yadi nzima, unamkamata anayekamatika kirahisi. Shomoro hakuwahi kusimamishwa popote.

Kunguru weusi walikuja vivyo hivyo. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka hadi bara, na leo wanakula mayai na vifaranga vya wafugaji wa pwani. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kuwaangamiza milioni moja. Ni nia njema, lakini kunguru wa Tanga hajui tangazo hilo, na nafasi ikiachwa wazi Mombasa kuna atakayeijaza.

Kwa hiyo dhana kwamba wageni ni wachache na watakufa wenyewe imeshapingwa na damu ya shomoro. Kipindi cha kuchukua hatua ni pale wanapokuwa wachache, na taarifa lazima ifike nchi jirani siku hiyo hiyo, si baada ya mwaka. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani vipo tayari, maofisa wa nchi mbili wakikaa chini ya paa moja kukagua mzigo mara moja. Wanaweza kuwa na daftari moja la ndege na wadudu wageni. Wenye yadi watakiwe kufagia nafaka kila jioni, na gharama hiyo isibebwe na mwenye magunia matano peke yake, kwani lori la tani 30 humwaga zaidi yake.