Neno la Mhariri: Kanga nayo ina mwaka wake

Makala zilizofika mezani kwangu kwa ajili ya toleo hili la mavazi ya zamani zilikuwa nyingi kuliko kurasa tulizonazo, na karibu zote zilizohusu kanga zilizungumzia jambo lile lile: maneno yake. Mafumbo, vijembe vya wake wenza, jirani anayejibiwa kwa nguo badala ya mdomo. Nimezisoma zote kwa heshima, kisha nyingi nimezirudisha, na walioziandika wana haki ya kujua sababu.

Mwandishi wetu akipewa gauni la Uingereza la mwaka 1955 atakueleza kiuno kilivyobanwa, sketi ilivyotanda, zipu ilivyofichwa ubavuni, na kwa ishara hizo atakutajia muongo wake bila kusita. Mpe kanga ya mwaka huo huo. Atasoma jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake, atafumbua fumbo, ataandika "vazi la asili la mwanamke wa pwani" na kufunga daftari. Gauni anaona ni fasheni, kwa hiyo lina tarehe. Kanga anaiona mila, na mila haiulizwi umri. Fikra hiyo imetuharibia kazi kwa miaka mingi, na toleo hili nimelipanga ili tuanze kuiacha.

Kanga ni fasheni. Imekuwa fasheni tangu siku ilipoingia sokoni, na walioiendesha ni wanawake wa Unguja na Mombasa. Safari yake kutoka vitambaa vya merikani na kaniki hadi leso sita zilizoshonwa pamoja mnaijua, sina haja ya kuirudia. Ninachotaka tukitazame ni soko lenyewe lilivyofanya kazi. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu walaji wa Afrika Mashariki na biashara ya dunia, ameonyesha jinsi viwanda vya mbali vilivyolazimika kufuata matakwa ya wanunuzi wa huku, la sivyo mzigo ulidoda. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja, ameonyesha wanawake waliotoka utumwani, kabla na baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, wakiacha nguo zilizowatambulisha kuwa watumwa na kujifunga kanga. MacKenzie Moon Ryan, katika tasnifu yake ya mwaka 2013, amefuatilia miundo ya kanga hadi kwenye viwanda vya Ulaya vilivyoichapa, vikiwemo vya Uholanzi.

Mara nyingi kazi hizi tatu hunukuliwa moja moja. Zisomeni pamoja. Mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, anaikataa nguo dukani kwa sababu mji wake, yaani sehemu ya katikati, umepitwa. Mfanyabiashara wa Kihindi anaipeleka habari hiyo kwa wakala wa Kizungu, wakala anaandika barua, na mchoraji wa Helmond, Uholanzi, asiyewahi kuiona Unguja anakaa chini kuchora upya. Meli inatia nanga na marobota mapya. Wakati huo huenda wanawake wameshahamia pindo jingine, na robota linauzwa kwa hasara. Mtu akiniambia hayo ni mila isiyobadilika, nitamwomba anionyeshe fasheni ni ipi.

Sasa tuitazame nguo yenyewe. Katika sanduku la njumu la marehemu bibi yangu kuna doti moja, yaani jozi ya kanga, ambayo haijakatwa. Vipande vyote viwili vingali vimeshikana, na katikati yake umepita ufito mweupe usiochapwa, pale ambapo fundi cherehani angepitisha mkasi. Jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sitalitaja hapa, kwa makusudi, maana nataka msomaji aone ni mangapi tunayoweza kuyajua bila hilo.

Kwanza uzi. Ni mwembamba na umebanana. Ukiinyanyua nguo juani huvioni vidole vya mkono ulio nyuma yake. Rangi ni mbili tu juu ya weupe, nyekundu na nyeusi. Nyekundu haikukaa sawasawa ndani ya mstari mweusi: imesogea kushoto kwa upana wa uzi mmoja. Kosa hilo linajirudia vile vile, kwa umbali ule ule, kutoka ncha moja hadi nyingine. Hiyo ni kazi ya rola. Nguo iliyopigwa mihuri kwa mkono ina makosa yanayotofautiana kila mkono unaposhuka, maana mkono huchoka. Mashine hukosea kwa namna ile ile kutwa nzima. Geuza nguo upande wa pili: wekundu umepenya hadi nyuma, karibu sawa na mbele, wakati kanga nyingi zinazouzwa leo zina nyuma iliyopauka kwa sababu rangi imelala juu ya uso wa kitambaa. Mji wake una korosho kubwa nne zinazoelekeana, na ndani ya kila korosho zimo nukta ndogo ambazo mchoraji hakulazimika kuziweka. Nukta hizo nimezitazama kwa kioo cha kukuzia na bado sijachoka nazo. Kuna mtu alizichora moja moja, akijua kuwa atakayeinunua ataikagua kabla ya kutoa fedha.

Mengine yanasomwa ukingoni, kwenye ukanda mwembamba ulio nje ya pindo, ule ambao fundi huukata au kuukunja ndani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, zinajulikana na kila mtu kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Wachache huangalia namba ya muundo iliyochapwa kando yake. Namba hiyo haikupi mwaka moja kwa moja, ila ukikusanya za kutosha inaanza kukuonyesha ipi ilitangulia ipi. Kanga yenye jina la Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, mwaka ambao kiwanda kile cha Ubungo kilifunguliwa. Yenye jembe na nyundo za CCM haiwezi kutangulia tarehe 5 Februari 1977, siku chama hicho kilipozaliwa. Herufi za Kiarabu kwenye jina zinatusogeza nyuma zaidi, kabla herufi za Kirumi hazijatawala. Nchi iliyotajwa ukingoni, iwe Japani, India, Kenya au Tanzania, inatueleza nani alilishika soko wakati ule. Hata jina, ambalo leo nimeliweka pembeni, linaweza kutufaa likisomwa kama tarehe: kanga ya "Hongera Barack Obama" haihitaji mtaalamu wa mafumbo ili tujue ilitoka mwaka gani.

Zaidi ya hayo ipo kumbukumbu ya wenyewe. Mama aliyepanga foleni ya kanga Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maduka yalipokuwa matupu, anaijua kanga aliyoipata siku hiyo. Atakwambia aliipata wapi, nani alimshikia nafasi, na kama ilikuwa kabla au baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Ushahidi wa aina hiyo hakuna makumbusho yanayoweza kuununua, na kila mwaka tunazika wanaoujua.

Najua nitajibiwa kwa kisutu, kanga ya bibi harusi. Kisutu hakibadiliki, watasema. Bibi alikivaa, mama akakivaa, na bibi harusi wa Ijumaa ijayo atakivaa. Wekeni visutu vya viwanda viwili tofauti kwenye mkeka mmoja mtazame. Wekundu wa hiki si wa kile, nukta zimekaribiana au zimeachana, pindo limenenepa au limekonda. Kilichodumu ni uamuzi wa wanawake kwamba nguo hii ibaki. Uamuzi huo nao una historia yake, na ningefurahi sana kuichapa siku mtu atakapoiandika.

Kuhusu ugomvi wa nani aliyeanza, Mombasa au Unguja, nimekataa makala zote za pande zote mbili. Nguo iliyopita katika mikono ya wanunuzi, wachuuzi na wachapaji wa mabara matatu haina mji mmoja wa kuzaliwa, na muda tunaoupoteza katika ubishi huo ungetosha kupiga picha masanduku ya mtaa mzima.

Linaloniuma zaidi liko karibu na nyumbani. Kijana anayependa nguo za zamani anaamka alfajiri kwenda masoko ya mitumba ya Gikomba au Karume, anafungua robota kwa ustadi, anaitambua jinzi ya miaka ya 1970 kwa mshono na kifungo chake, na anailipia bei nzuri. Nampongeza, jicho lake ni jicho la mtafiti. Lakini nyumbani kwao, mlangoni mwa bafu, kuna kipande cha kanga kilichogeuzwa dekio, na huenda kina umri mkubwa kuliko jinzi ile. Simlaumu mama yake. Kanga ilifanywa itumike hadi mwisho wake, ikitoka kiunoni kwenda kuwa mbeleko, kisha nepi, kisha tambara. Ndiyo maana kanga kuukuu zilizobaki nzima ni chache mno huku kwetu, na anayetaka kuona vielelezo vya zamani analazimika kuomba ruhusa ya kuingia katika kumbukumbu za kiwanda cha Vlisco kule Helmond, au kwenda London, ambako British Museum iliziweka kanga mbele ya umma mwaka 2013 katika maonyesho ya vitambaa vya Afrika. Viwanda vilihifadhi michoro. Waliovaa hawakuambiwa na mtu yeyote kuwa walichokivaa kilistahili kuhifadhiwa, na sisi waandishi tuliokuwa tukirudia neno "asili" tumechangia ukimya huo.

Yapo mengine katika toleo hili. Makala ya picha za Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inafaa kusomwa kwa ajili ya viatu pekee. Makala ya Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ni kali na imeandikwa vizuri, ingawa ningependa mwandishi awaulize na mafundi waliozishona nguo hizo walizifanyaje baada ya hapo. Kutoka Lubumbashi tumepata kumbukumbu za abakosti, suti ya wanaume ya enzi za Mobutu. Ya ushuru wa mitumba inaeleza kwa utulivu kilichotokea Rwanda ilipopandisha ushuru mwaka 2016 na Marekani kuijibu mwaka 2018. Na ipo makala moja ya majina ya kanga, moja tu, niliyoikubali kwa sababu mwandishi wake ameshona kila jina na kiwanda kilichotoa nguo.

Ninachowaomba wasomaji ni kazi ya mikono. Fungueni masanduku. Kabla kanga kuukuu haijachanwa, ipigeni picha mji wake, pindo lake, nyuma yake, na hasa ukingo wenye chapa na namba. Andikeni ilinunuliwa na nani, katika mji gani, na anakumbuka kilikuwa kipindi gani. Msiifue kwa dawa ya kung'arishia nguo, msiianike kwenye jua kali, na msiikunje pale pale miaka yote, maana mkunjo ndio unaotangulia kukatika. Izungusheni kwenye mwanzi au bomba la karatasi. Kisha tutumieni picha pamoja na maelezo. Kurasa za toleo lijalo zimeshatengwa, na zitakazochapwa humo ni kanga zenye mwaka.