Muziki wa Mitambo Shuleni: Tuanze na Limba

Ulaya kuna makumbusho madogo ya piano zijipigazo zenyewe. Utepe wa karatasi wenye matundu hupita juu ya safu ya vinywa vya mabomba. Tundu lifikapo kinywani hewa huingia, mfuko mdogo husinyaa na nyundo hugonga waya. Palipo na tundu pana sauti, pasipo na tundu pana kimya. Kwa mantiki hiyo hiyo, kadi za Jacquard ziliongoza mitambo ya kufumia nguo tangu mwaka 1804, na baadaye kompyuta zikalishwa kadi zenye matundu.

Je, shule za Njombe na Makambako zingoje kuletewa piano kama hiyo? Sioni sababu. Mifuko yake huchakaa, na fundi wake yu mbali. Jirani yetu ana limba, chombo cha Wagogo ambacho marehemu Hukwe Zawose alikipiga hadi kikajulikana nje ya nchi. Kisanduku cha muziki, alichokibuni Antoine Favre wa Geneva mwaka 1796, kina ndimi za chuma kama za limba. Ila kazi ya vidole gumba hufanywa na pini zilizopigiliwa katika gogo la mviringo lizungukalo.

Mwalimu wa fizikia na awape wanafunzi spoki kuukuu za baiskeli wazifue ziwe bapa, gogo la muwati, misumari midogo na mkono wa kuzungushia. Watashangaa: ulimi ukifupishwa nusu, unene ukiwa uleule, mitetemo huongezeka mara nne, hali waya wa zeze uliokazwa vilevile huongeza mara mbili tu. Kwa nini? Swali hilo latosha kipindi kizima.

Kando yake iwekwe gramafoni ya mkono. Santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 ziliweza kuchezwa bila umeme, kwa nguvu ya kamani, mizunguko 78 kwa dakika. Vizito vidogo vizungukavyo hutanuka mwendo ukizidi, vikaivuta sahani ndogo igusane na breki. Sauti ya Siti yaweza kusikika leo katika simu. Kazi ya vizito hivyo haionekani humo, nayo hupotea gramafoni iuzwapo kama chuma chakavu.

Kabati moja kavu latosha. Kwa ukungu wa Njombe, mtambo wa gramafoni upakwe mafuta ya cherehani kila muhula.