Damu kwenye mkojo si aibu ya biharusi

Leo sina mishono wala kitambaa kipya. Nataka tuzungumze kitu ambacho siku za singo hakitajwi kabisa, nacho ni kukojoa damu.

Mwezi uliopita nilikuwa nampima gauni biharusi mmoja wa shamba. Ndani ya saa moja kaenda chooni mara nne. Nikamtania, wasiwasi wa harusi huo! Akalia. Akanambia anapokojoa anaumia, na mwisho hutoka matone ya damu, tangu yuko skuli. Mama yake kamkataza kusema, wakwe wasije wakasikia wakadhani ana maradhi ya zinaa.

Mie si daktari, nimesoma sekondari kisha nikaenda kujifunza cherehani. Lakini jambo hili nimelijua kwa machozi. Shangazi yangu alikuwa mkulima wa mpunga Pemba, miguu yake iko bondeni tangu mdogo. Kila akiona damu, dispensari wanampa dawa za UTI. Inapoa, inarudi. Dawa zile zile karibu miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza alioga mto gani utotoni. Alipofika kwa daktari wa njia ya mkojo akapigwa utrasaundi, ikapitishwa kamera ndogo mpaka ndani ya kibofu, kikakatwa kinyama kwenda kupimwa. Saratani ya kibofu, na ilikuwa imeshasambaa. Tukampeleka Ocean Road, Dar es Salaam, lakini muda ulikuwa umekwisha. Allah amrehemu.

Watu wakisikia saratani ya kibofu hufikiria wanaume wazee na sigara. Shangazi hakuwahi kushika sigara. Alikuwa na kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, vikapenya ngozi ya anayefua au kuoga. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, unavimba na kuumia miaka na miaka, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani. Sitaki kutishana: wengi wenye kichocho hawafiki huko, na visiwani kwetu kimepungua sana kwa vidonge vya skuli na vijijini. Lakini kupungua siyo kwisha.

Na sisi wanawake tuna letu. Mayai hayo hunasa pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Linakuja tatizo la uchafu, damu, maumivu kwenye tendo la ndoa, hata kuchelewa kushika mimba. Dalili zinafanana na za zinaa, lakini mtu kayapata mtoni akifua kanga za mama yake! Bikira anaweza kuwa nayo. Hapa ndipo ninapokasirika, maana nimeona ndoa ikivunjika kwa tuhuma hii, na hakuna aliyefikiria kupima. Wengine huficha kwa kujiosha na vitu vya manukato huko ndani. Tafadhali, udi utie kwenye nguo.

Wapo pia wanaoacha sala wakidhani ni hedhi. Damu ya kibofu si hedhi. Muulize ustadhati wako na umweleze ukweli wote. Bibi Ummu Sulaym alimuuliza Mtume (SAW) mambo ya ndani kuliko haya.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kama tunavyopima virusi vya ukimwi kabla ya ndoa, na mkojo upimwe, wa bwana na wa bibi. Masomo, liwekeni kwenye mafunzo yenu. Mkojo mzuri wa kupima kichocho ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Na yasipoonekana haina maana kizazi kiko salama. Eleza dalili zako zote na mwambie daktari kama hujaolewa, dawa yenyewe ni ya kumeza. Inaitwa prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wako. Inaua minyoo, lakini makovu ya zamani haiyafuti, na ukirudi mtoni unaambukizwa upya. Basi dada uliyevuka umri wa usichana, umetibiwa na damu bado inarudi, usikubali UTI ya mara ya tatu. Omba kibofu kitazamwe.

Yule biharusi tulikwenda naye, mie na somo wake. Mayai yalionekana, kapewa dawa. Mchumba wake tukamwambia naye akapime, maana wamekulia kijiji kimoja. Naye anayo.