UKURASA WA LUGHA: Kuweza, na Kufikia Kuweza, kwa Kijapani



Ndugu wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo, safari hii tumepokea maswali mawili yanayokaribiana mno, hata tukaona tuyajibu kwa pamoja. La kwanza latoka kwa mama mmoja wa Louisville ambaye binti yake anasoma Kijapani shuleni. Binti amefika mahali ambapo kitenzi "yomu", yaani kusoma, chageuka kuwa "yomeru", na mwalimu asema hiyo ndiyo "naweza kusoma". Mama auliza: kwa nini wasiwe na neno moja la kuweza, likatangulizwa mbele ya kila kitenzi, mambo yakaisha? La pili latoka kwa ndugu wa Columbus afanyaye kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari ambacho wakubwa wake baadhi ni Wajapani. Yeye ataka kujua namna ya kueleza kwamba kazi fulani zamani hakuiweza na sasa anaiweza, kwani mafunzo yameanza na nafasi za kupanda ngazi ni chache.

Maswali haya hayakuzuka hewani. Honda walianza kuunda pikipiki Marysville, kaskazini-magharibi ya Columbus, mwaka 1979, na motokaa mwaka 1982. Toyota nao walianza kutoa magari Georgetown, Kentucky, upande wa mashariki wa Louisville, mwaka 1988. Viwanda hivyo viwili vilivuta vingine vingi vidogo vya vipuri. Buffalo ina udugu wa miji na Kanazawa tangu 1962, ingawa kiwanda cha matairi cha Tonawanda, kilichokuwa mali ya kampuni ya Kijapani ya Sumitomo, kilifungwa Novemba 2024 na watu zaidi ya 1,500 wakapoteza kazi.

Tuanze na mama. Bibi, lugha yako mwenyewe hufanya jambo hilo hilo kila siku, ila tumelizoea hata hatulioni. Kutokana na "soma" twapata "someka", "nywa", "nyweka", "la", "lika", "pita", "pitika", "ng'oa", "ng'oleka". Wanasarufi wetu huiita kauli ya kutendeka. Tukisema "maji haya yananyweka" hatukulitaja neno kuweza hata kidogo, na kila msikilizaji ameelewa kwamba maji hayo yaweza kunywewa. Mjapani naye husema "Kono mizu wa nomemasu", na maana ni ile ile: maji haya yananyweka.

Kanuni yao si ngumu. Vitenzi vya kundi la kwanza huishia na u. U hiyo hugeuzwa e, kisha huongezwa "ru". "Kaku", kuandika, huwa "kakeru". "Hanasu", kusema, huwa "hanaseru". "Oyogu", kuogelea, huwa "oyogeru". Vitenzi vya kundi la pili, kama "taberu" (kula) na "miru" (kutazama), hudondosha "ru" na kupokea "rareru": "taberareru", "mirareru". Vijana wa Japani huipunguza wakasema "tabereru", na walimu wengi hawaipendi. Binti asiiandike katika mtihani. Vilivyobaki ni viwili tu visivyofuata njia: "kuru", kuja, huwa "korareru", na "suru", kufanya, huwa "dekiru". Neno "wakaru", kuelewa, halinyambuliwi hivi kabisa kwa kuwa uwezo umo ndani yake tayari. Atakayelilazimisha likawa "wakareru" atakuwa ametamka neno jingine, nalo ni kuachana, hata kwa mume na mke!

Sasa ipo tofauti moja ambayo ndiyo huwatatiza wanafunzi, na Mswahili ana silaha ya kuishinda. Kwa Kiswahili, kitu kikisomeka, msomaji hutoweka: twasema "barua yasomeka", wala hatusemi "mtoto asomeka barua". Mjapani humbakisha msomaji. Husema "Watashi wa kanji ga yomemasu": mimi, herufi za kanji husomeka. Tazama kineno "ga". Katika "kusoma kanji" ya kawaida alama ya kitu kinachosomwa ni "o": "kanji o yomu". Ikiingia kauli ya kuweza, "o" huelekea kumpisha "ga", kwa sababu kanji sasa imekuwa kama ndiyo yenye kusomeka. Wanafunzi wa lugha nyingine hulikariri jambo hili pasipo kuliona. Binti wa Kiswahili na aseme moyoni "kanji husomeka" kabla ya kufungua kinywa, na "ga" itakuja yenyewe.

Uko mfano mzuri zaidi ya huo, nao twaujua kila mwisho wa Shaabani. Tunapotoka nje kuutafuta mwandamo, hatuulizani "umeweza kuutazama mwezi?" Twaulizana "mwezi umeonekana?" Kuonekana ni jambo la mwezi na mawingu, kutazama ni jambo la mtu. Kijapani hutenganisha vivyo hivyo. "Tsuki ga mieru" ni mwezi waonekana, wenyewe umejitokeza machoni. "Mirareru" ni mtu kupata nafasi ya kutazama, kama vile filamu kwa kuwa leo hana kazi. Na "kikoeru" ni kusikika, kama sauti ya jirani ipitayo ukutani, hali "kikeru" ni kupata wasaa wa kusikiliza. Wazungumzaji wa Kiingereza hutaabika sana hapa. Sisi tuna "onekana" na "sikika" tangu utotoni.

Jambo la chakula nalo linatuhusu. "Taberareru" ina sura moja na kauli ya kutendwa, yaani ile "huliwa" na "hulika" zimeshikana. Kiswahili kimezitenga: nyama isiyolika yaweza kuwa imeoza au ni ngumu, na nyama isiyoliwa ni ile ambayo watu hawaili. Ukialikwa mezani na Mjapani, waweza kusema "Butaniku wa taberaremasen", nyama ya nguruwe siwezi kuila, nao huisikia kwa adabu kwa kuwa haina harufu ya kukidharau chakula chao. "Tabemasen", sili, ni sahihi pia na ni wazi zaidi. Mimi binafsi naipenda hii ya pili, kwa maana sisi tunao uwezo wa kuila na tumeiacha.

Kuhusu adabu, tuongeze hili. Vitabu vya Kijapani huwaonya wanafunzi wasimwulize mkubwa wao "hanasemasu ka", waweza kusema lugha fulani?, kwa kuwa ni kama kumpima. Huulizwa "hanashimasu ka", husema? Hilo halihitaji maelezo kwa aliyelelewa pwani. Nani angemwuliza shekhe "unaweza kusoma?" Tungesema "Shekhe, utatusomea?"

Na hapa lazima tusimame kidogo kwenye neno letu wenyewe, kwani limeshawaletea watu madhara. Kwa watu wa Lamu, wa Unguja na wa pwani kwa jumla, "siwezi" maana yake naumwa. "Mzee hawezi" ni mzee mgonjwa. Mkalimani aliyejifunza Kiswahili bara, au kitabuni, akiwa upande wa pili wa simu, hulifasiri neno hilo kwa kuweza kwa kawaida. Mfanyakazi amepiga simu alfajiri akasema "leo siwezi", na msimamizi akaambiwa kwamba mtu huyu hawezi kazi, au hataki kuja. Hospitalini mtoto asema "bibi hawezi tangu jana", na daktari auliza hawezi nini? Basi mbele ya mkalimani usimjuao, sema "naumwa" au "mimi mgonjwa", kisha taja mahali panapouma. Na mbele ya Mjapani usiifasiri "siwezi" hiyo kwa "dekimasen", ambayo haina kabisa maana ya ugonjwa. Sema "Guai ga warui desu", hali yangu si nzuri.

Tumjibu sasa ndugu wa Columbus. Atakalo yeye lina umbo maalumu kwa Kijapani: kitenzi cha kuweza, kisha "yoo ni", kisha "naru", ambalo ni kuwa au kugeuka kuwa. "Kanji ga yomeru yoo ni narimashita": nimefikia kuweza kusoma kanji. Ndani ya sentensi hiyo mna habari tatu: zamani sikuweza, njia nimeipita, sasa naweza. Akisema "yomemasu" peke yake, asemacho ni kwamba anaweza, na hakuna ajuaye kama alizaliwa nayo au aliipata juzi. Kwa mfano wa kiwandani: "Fookurifuto no unten ga dekiru yoo ni narimashita", nimefikia kuweza kuendesha foklifti. Kiswahili hakina umbo moja la namna hii, ila tuna njia fupi iliyo nzuri mno: kiambishi cha -me- pamoja na "jua". Tukisema "mtoto amejua kusoma" twamaanisha ameingia katika kujua, na hiyo ndiyo "yomeru yoo ni natta" hasa. Asichanganye tu na "nareru", kuzoea. Wajapani wana methali, "Narau yori nareyo", zoea kuliko kufundishwa, nayo huisema sana wanapomfundisha mtu kazi.

Ni vyema pia ajue jinsi uwezo unavyopimwa huko. Katika viwanda vingi vyenye asili ya Kijapani hubandikwa chati, majina upande mmoja na kazi upande mwingine, na kila mtu ana duara lililogawanywa robo nne. Madaraja hutofautiana baina ya kiwanda na kiwanda, lakini kwa kawaida robo moja iliyotiwa wino ni kwamba kazi ameelezwa. Mbili, anaiweza akisaidiwa. Tatu, anaimudu peke yake. Duara zima, anaweza kumfundisha mwingine. Mwenye kujibu "naweza" kwa kila swali hatajua amewekwa robo ya ngapi. Na wapo ndugu zetu, hasa wazee, ambao kwa unyenyekevu hujibu "najua kidogo tu" ilhali waliendesha karakana Mombasa au Bukavu miaka ishirini. Mjapani naye hujishusha vivyo hivyo akisema "mada heta desu", bado sijui vizuri. Ila mwenye kuijaza chati huenda akawa Mmarekani, naye ataliandika neno kama alivyolisikia. Kwa hiyo ndugu yetu ataje kazi yenyewe na aseme kama aifanya peke yake au kwa msaada. Unyenyekevu auweke kwenye sauti.

Kwa watakao cheti, upo mtihani wa JLPT, wenye ngazi tano tangu 2010, kutoka N5 iliyo rahisi hadi N1. Hapa Marekani hufanywa mara moja kwa mwaka, Desemba. Hupima kusoma, kusikiliza, msamiati na sarufi, kuzungumza haupimi. NHK ya Japani nayo imetoa masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili, na mama aweza kujifunza bega kwa bega na bintiye.

Limebaki umbo moja ambalo nilitaka kuliacha, kisha nikaona si haki. Kinyume cha kufikia kuweza ni kufikia kutoweza: "-naku naru". "Hanaseru" ikikanushwa huwa "hanasenai", na ikiungwa na "naru" huwa "hanasenaku naru". Sentensi yenyewe ni hii: "Suwahirigo ga hanasenaku narimashita", nimefikia kutoweza kusema Kiswahili. Wako watoto katika miji yetu mitatu wanaostahiki sentensi hii leo. Waliingia Marekani na umri wa miaka minne wakiomba maji kwa Kiswahili safi, na sasa bibi yao akiwauliza jambo huitikia kwa Kiingereza au kwa kichwa. Kijapani kina sarufi ya kurudi pia: neno "mata", tena, likitangulia. "Mata hanaseru yoo ni narimashita", nimefikia kuweza kusema tena.

Mazoezi ya mwezi huu. Fasiri kwa Kijapani: (1) Barua hii haisomeki. (2) Mwezi hauonekani. (3) Mwanangu amejua kuogelea. (4) Bibi hawezi, nayo ni ya mtego. Majibu toleo lijalo, insha-Allah.