Ruwaza 23 kwa Mteja Mmoja

Imani hii imeota mizizi miongoni mwa watengenezaji wa programu: fundi hodari anatambulika kwa wingi wa ruwaza za usanifu (design patterns) alizozipanga kwenye msimbo tangu siku ya kwanza. Anayeanza na mistari michache inayofanya kazi anaonekana mwanagenzi. Anayeanza na rundo la klasi na violesura ambavyo bado havijafanya lolote anaitwa mhandisi. Mimi nasema huyo wa pili ndiye anayewatia wenzake hasara, hasa wakiwa timu inayojiita ya ajaili (agile), yaani inayojenga programu kwa hatua fupi fupi.

Chukua suala la malipo. Timu inajenga duka la mtandaoni na mwenye duka, kwa sasa, anataka M-Pesa tu. Mmoja anasema, "Kesho watataka kadi, tuweke ruwaza za Strateji na Faktori kabisa, ili njia ya malipo iweze kubadilishwa." Wote wanaitikia, maana nani atabisha na kinga bora kuliko tiba? Kiolesura kinajengwa: kinapokea namba ya simu na kiasi, kinatuma ombi, kinasubiri. Kwa M-Pesa ni sawa. Jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mnunuzi anaingiza namba ya siri kwenye simu yake, na matokeo yanaletwa baadaye kwenye anwani ambayo duka limeitaja. Miezi inapita, kadi zinakuja. Malipo ya kadi hayaendi kwa namba ya simu. Mnunuzi anapelekwa kwenye ukurasa wa benki athibitishe, kisha anarudishwa dukani. Kiolesura kile hakifai tena, na timu ina kazi mbili: kubomoa walichokikisia, kisha kujenga kinachotakiwa. Wangeandika fanksheni moja ya M-Pesa na kuishia hapo, kisha nyingine kadi zilipokuja, leo wangekuwa na mifano miwili ya kweli ya kulinganisha.

Watetezi wa ruwaza watakimbilia kitabu, *Design Patterns* cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, chenye ruwaza 23. Kitabu ni kizuri, kinasomwa vibaya. Waandishi walikusanya masuluhisho yaliyokwisha kujirudia katika mifumo iliyokuwa ikifanya kazi. Tatizo lilitangulia, ruwaza ikafuata. Gamma mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 2009, alisema angependa ruwaza ya Singletoni iondolewe. Na hiyo ndiyo kila kijana anaikariri kabla ya usaili wa kazi!

Wapo pia wanaoangukia upande wa pili, wakidai ajaili imezika usanifu. Porojo. Kent Beck na Ward Cunningham ndio walioichukua fikra ya ruwaza kutoka kwa msanifu majengo Christopher Alexander na kuijaribu kwenye programu mwaka 1987, na hao hao walikuwa miongoni mwa watu 17 walioandika tamko la ajaili huko Utah, Februari 2001. Hawakuona mgongano wowote. JUnit, zana ya kuendesha majaribio ya msimbo ambayo Beck aliiandika pamoja na Gamma, ni ndogo lakini imesheheni ruwaza, na kila moja ina kazi: kundi zima la majaribio linaendeshwa kama jaribio moja kwa sababu mtumiaji alihitaji hivyo. Mwaka 2004 Joshua Kerievsky aliandika kitabu kizima kuhusu kuupanga upya msimbo hatua kwa hatua hadi ruwaza ijitokeze, au hata iondolewe pale inapozidi.

Njia hiyo inadai majaribio ya kiotomatiki. Bila hayo, kupanga upya ni kamari, na nadhani hofu ya kamari hiyo ndiyo inayowafanya wengi wajaze ruwaza mapema. Nakubali pia kwamba kiolesura kinachotumiwa na timu za nje kinahitaji kufikiriwa kabla ya kutolewa, kwani kukibadilisha ni ghali. Ila msimbo mwingi tunaoandika hautoki nje ya chumba chetu. Kwa hiyo, kwenye mapitio ya msimbo, nauliza kiolesura hiki kina klasi ngapi zinazokitekeleza leo. Nikijibiwa moja, naomba kifutwe.